Sentensi Nne Katika Chumba cha Kufulia

Ukalimani sikuusomea popote. Nilimaliza kidato cha nne Tanga, nikawa karani wa mizigo bandarini, nikaja Dallas mwishoni mwa miaka ya themanini, na muda wote niliokuwa na nguvu za kufanya kazi nilikuwa dereva wa gari la hoteli, lile la kuwachukua wageni uwanja wa ndege na kuwarudisha. Lakini katika fleti zetu za Vickery Meadow, mtu mwenye Kiingereza cha kutosha na Kiswahili cha kutosha haachwi akapumzika. Familia za Kikongo zilipoanza kuletwa, na Warundi waliotoka kambini Kigoma nyuma yao, mlango wangu uligongwa kila siku nilipotoka kazini. Barua ya shule. Barua ya hospitali. Barua ya meneja wa fleti. "Papa, tusomee hii." Nilisoma. Siku za mapumziko nilifuatana nao kliniki, nikasimama kati ya daktari na mgonjwa.

Nilisifiwa kwa kazi hiyo, na sifa zilinipendeza. Nitasema wazi nilivyokuwa nikiifanya. Daktari akisema jambo kavu kama lilivyo, mimi nililifunga kwanza kwenye kitambaa. Akisema ini limeharibika, nilisema ini limechoka kidogo. Akisema mgonjwa asitegemee kupona, nilisema tumwombe Mungu na tufuate dawa. Sikuona kwamba nadanganya. Sisi ndivyo tulivyolelewa. Mama yangu alipofariki Tanga, kaka yangu alinipigia simu akasema mama hajisikii vizuri. Kesho yake akasema amezidiwa kidogo. Siku ya tatu akasema jikaze, nami nikajua kwamba ameshazikwa, nikamshukuru kwa adabu yake. Kumsitiri mtu, kumfunika aibu yake na machungu yake, nilihesabu ni katika mambo mema ya kwanza ambayo binadamu anaweza kumfanyia mwenzake. Nikiwa mzee sasa naona niliwafunika watu wengi ambao wenyewe hawakuwa na baridi.

Mwanangu alikuja Marekani na umri wa miaka minne. Ni mtoto wangu wa pekee. Tangu siku ya kwanza niliweka sheria moja nyumbani: Kiingereza kinaachwa mlangoni pamoja na viatu. Watoto wa wenzangu walisemeshwa Kiswahili wakajibu Kiingereza. Wangu alijibu Kiswahili, na si cha kubabaisha. Alijua kumtania mama yake, alijua kukaa kimya mkubwa akisema, alijua kusema "ewaa" mahali pake. Alipokuwa chuoni akisomea uuguzi aliweza kuingia na Wamarekani wenzake watatu, akasimama mbele yangu na kusema "Shikamoo, Baba," nao wakabaki wanatazama. Sikukuu za Idi nilijigamba naye mpaka mke wangu akanikanyaga mguu chini ya meza.

Sasa nimtaje yule mtu ambaye kwa ajili yake naandika haya. Jina lake silitaji, kwa kuwa yeye na mwanangu wana haki ya kuachwa kwa amani, angalau safari hii.

Kabla ya siasa alikuwa mleta barua. Miaka mingi alileta barua kwenye majengo yetu, kwa mguu, na mfuko begani, mpaka goti lake likakataa. Alijua nani anangoja barua ya uhamiaji na nani anakimbia barua za mahakama. Majina ya Kikongo yaliyowashinda walimu wa shule, yeye aliyatamka vizuri, maana aliyasoma kila siku kwenye bahasha. Goti lilipomtoa posta, akagombea udiwani wa kata yetu. Alikuwa na ajenda moja iliyotuhusu. Kati ya kituo cha basi na fleti zetu kuna barabara ya njia sita, na hapakuwa na mahali pa kuvukia. Kina mama walivuka na mizigo, watoto mgongoni, magari yakipita kwa kasi. Alisema akichaguliwa ataweka taa ya waenda kwa miguu hapo.

Na alikuwa mwanamume anayeishi na mwanamume. Magazeti yalisema ndiye wa kwanza katika kata yetu kugombea bila kulificha hilo. Hakulipigia ngoma. Akiulizwa alijibu, na asipoulizwa aliona ni haki watu wajue. Mimi nilisoma habari zake kwenye magazeti ambayo wageni waliyaacha ndani ya gari. Nilimpenda kwa barabara, kwa goti, kwa majina ya Kikongo. Lile jingine nililiruka kama mtu anavyoruka dimbwi. Na nikiwa na madereva wenzangu kwenye foleni ya uwanja wa ndege, wakimcheka kwa neno lile moja ambalo watu wetu wanalo kwa watu kama yeye, nami nilicheka. Neno lenyewe nililitumia pia, hata nyumbani, mbele ya mwanangu, nikiwa nakula. Nakumbuka ulikuwa wali wa nazi na samaki. Aliinua sahani yake akaipeleka jikoni ikiwa nusu, mama yake akamfuata, mimi nikaendelea kula.

Mwanangu alijitolea kwenye kampeni. Kila Jumamosi alizunguka milangoni na karatasi za yule mleta barua. Mezani alimzungumzia kama vijana wengine wanavyozungumzia wacheza mpira. Alisimulia kwamba mtu mmoja alimfungia mgombea mlango usoni, naye mgombea akasubiri kidogo, akaingiza karatasi chini ya mlango na kusema, kwa sauti ya heshima, kwamba hata posta alizoea mbwa. Mwanangu aliposimulia hayo macho yake yalikuwa na mwanga ambao sijauona tena. Mke wangu alimsikiliza huku akimtazama yeye, si hadithi. Nilidhani anavutiwa na siasa.

Siku moja akaniambia diwani mtarajiwa anataka kuja kuzungumza na watu wetu, na anahitaji mkalimani.

"Si wewe upo?" nikamwuliza.

"Changu cha jikoni, Baba. Wewe ndiye mwenye Kiswahili."

Kiswahili chake hakikuwa cha jikoni. Nilijua, naye alijua kwamba najua. Sikuuliza zaidi, maana nilikuwa nimesifiwa.

Meneja wa fleti alikataa kutupa ofisi, kwa hiyo mkutano ulifanyika chumba cha kufulia nguo, asubuhi. Kina mama walikuja na nguo zao, kwa kuwa siku ya kufua ni siku ya kufua. Yule mtu alipofika wakataka kuzima mashine. Akawaomba waziache, akaegemea moja ya kukaushia, na kusema kwamba goti lake linawashukuru kwa joto. Nikatafsiri, wakacheka. Mzee mmoja wa Uvira aliyekuwa ameketi juu ya beseni lililogeuzwa, tuliyemwita Papa sote pamoja na mimi, ingawa naye aliniita Papa, akasema huyu mzungu viatu vyake vimeliwa upande mmoja kama vya mtu aliyekimbia vita. Nikatafsiri hilo pia. Mleta barua akavua kiatu kimoja akampa akikague. Papa akakigeuzageuza, akapitisha hukumu kwamba kinaweza kufika mpaka mpakani lakini si kurudi.

Alizungumza habari za barabara. Aliwauliza maswali zaidi ya alivyojieleza. Wengi waliokuwa mle hawakuwa raia bado, hawakuwa na kura. Alilijua hilo. Mpaka leo nikifikiria sababu ya kumwita mtu yule shujaa, naanzia hapo: alikuja kusema kweli kwa watu ambao hawakuwa na cha kumpa.

Mwishoni akaiachia mashine, akasimama wima. Kisha akasema maneno ambayo kwa Kiingereza yalikuwa sentensi nne, taratibu, akiniachia nafasi. Kwamba kuna jambo anataka walisikie kutoka kwake. Kwamba anaishi na mwanamume, na wameishi pamoja miaka kumi na saba. Kwamba huyo ndiye familia yake na hamwonei haya. Kwamba wiki hiyo wataletewa karatasi ya kuwaambia hivyo kana kwamba kafumaniwa, na yeye anapenda wajue kwamba hajafumaniwa na mtu.

Akanigeukia. Watu wote wakanitazama. Mwanangu alikuwa amesimama karibu na mlango, karatasi zake kifuani, na hakuwa anamtazama mgombea wake. Alikuwa ananitazama mimi, mdomo wake umefunguka kidogo, kama mtu anayengoja kupokewa simu.

Nikasema: "Anasema yeye ni mtu wa familia, na wapinzani wake wataleta karatasi za kumsema vibaya, msizijali."

Wakapiga makofi. Mashine zikaendelea kuzunguka. Mwanangu akaziweka karatasi zake juu ya meza ya kukunjia nguo, moja juu ya nyingine, akazinyoosha kingo, akatoka.

Nilimkuta kwenye ngazi za jengo letu. Aliniuliza bila hasira. Hasira ingekuwa nafuu.

"Baba, yule alisema sentensi nne. Wewe umesema moja."

"Nimemsitiri," nikamjibu. "Watu wetu hawa ni wacha Mungu. Wangemkimbia."

"Hakuomba kusitiriwa."

"Wewe hujui watu."

Alimpisha jirani mwenye beseni la nguo. Kisha akasema, "Nilitaka kusikia ungeyasemaje. Kwa sauti yako. Ndiyo maana sikufanya mwenyewe."

Nilielewa. Katika maisha yangu nimejifanya sielewi mambo mengi, lakini nataka iandikwe kwamba hapo, kwenye ngazi, nikiwa nimeshika ukuta, nilielewa yote, kuanzia sahani iliyopelekwa jikoni ikiwa nusu. Mtoto wangu alikuwa amenitengenezea mlango mpana, akayaweka maneno yake ndani ya kinywa cha mtu mwingine ili yasiniumize, akanipa hata nafasi ya kusifiwa. Nilichotakiwa kufanya ni kutafsiri tu.

Nikamwambia, "Mambo mengine hayana Kiswahili."

"Basi na mimi sina," akasema.

Tangu siku ile hakunisemesha Kiswahili tena. Asubuhi yake aliniamkia kwa Kiingereza, vile Wamarekani wanavyowaamkia baba zao, kwa neno moja jepesi, akiwa amesimama jikoni na kikombe mkononi. Na mama yake aliendelea na Kiswahili chake chote, utani na vicheko, upande wa pili wa ukuta, nikisikia.

Karatasi za wapinzani zilikuja kweli, na picha ya wale wanaume wawili wakiwa nje ya nyumba yao. Papa wa Uvira alikuja kwangu nayo. Niliharakisha kumwambia ni uongo wa siasa. Akaikunja polepole, akaiweka mfukoni.

"Papa," akaniambia, "ulituona sisi ni batoto? Batoto betu balishatusomea gazeti. Tulijua mbele hajakuja."

Nikamvutia kiti, hakukaa.

"Mimi nilitoka Uvira na miguu. Nikazika babili njiani. Unafikiri neno ndilo litaniua?" Akaongeza kwamba yeye mwenyewe hakubaliani na maisha ya mtu yule, na mchungaji wake hakubaliani, na angemwambia mgombea hivyo usoni mle mle katika chumba cha kufulia, wakabishana kama wanaume, kama mimi ningempa nafasi. "Ulimunyima yeye, na mimi ukaninyima."

Hakunigongea mlango tena na barua zake. Alitafuta mtoto wa jirani.

Mimi nilikuwa raia, kura nilikuwa nayo. Nilikwenda kituo cha kupigia kura kabla ya zamu na nikampigia yule mleta barua. Ningeweza kurudi nyumbani nikamwambia mwanangu maneno matatu tu: nimempigia yeye. Sikumwambia. Niliona si jambo la kutangaza. Hata jema langu nililifunika.

Alishinda kwa tofauti ndogo. Mwaka uliofuata taa ikawekwa kwenye ile barabara, na kitufe cha njano juu ya nguzo, ukikibonyeza magari ya njia sita yote yanasimama kukungoja. Mwanangu hakuiona ikiwaka. Alikuwa amehitimu na kupata kazi Houston, katika hospitali, na alihamia huko na mifuko miwili. Aliniaga kwa kunishika mkono.

Kwa miaka minne mke wangu alikwenda Houston kwa basi kila baada ya miezi miwili, na kikapu cha visheti na chupa ya achari ya ndimu. Mtoto aliishi kusini magharibi ya mji, njia ya kuelekea Sugar Land, na hakuishi peke yake. Mke wangu hakunificha, ila hakunisimulia mpaka nimwulize, nami sikuuliza. Nilichofanya ni kumpeleka kituo cha basi na kumbebea kikapu mpaka mlangoni mwa basi. Mara moja dereva alikuwa hajafika, tukasimama, akaniambia, "Kiti cha pembeni yangu hakina mtu, Baba fulani." Aliniita hivyo kwa jina la mtoto wetu, ambalo nimesema silitaji. Nikamwambia nina zamu. Sikuwa na zamu. Alilijua hilo, kwa sababu ratiba yangu alikuwa ameibandika mwenyewe kwenye jokofu.

Kisha akaugua, na ugonjwa haukuchukua muda. Katika wiki za mwisho mtoto alikuja akalala kitini kando ya kitanda chake hospitalini, akifanya kazi za wauguzi kabla wauguzi hawajafika. Tulipishana mlangoni. Kiingereza, neno moja jepesi. Mama yake alituona tukipishana hivyo. Alipokuwa bado ana sauti aliniambia jambo moja tu kuhusu habari hiyo. Alisema, "Yule mwenzake anapika pilau kuliko wewe." Alicheka kidogo, akakohoa. Huo ulikuwa utani wake, na ulikuwa pia ombi lake, na mimi nilimrekebishia mto.

Tulimzika makaburi ya Waislamu nje ya mji. Watu walikuja kutoka Haltom City, kutoka Houston, Wakongo wa fleti zetu walikuja na basi zima ingawa ni Wakristo. Papa wa Uvira alikuja. Baada ya maziko wanaume tulisimama kwenye mstari kupokea pole. Mwanangu alisimama kulia kwangu. Na katika watu waliokuja kutupa mikono alikuwamo mwanamume mmoja Mmarekani, mweusi, mrefu, amevaa kofia ya kiua iliyomzidi kidogo kichwa. Nilijua ya nani ile kofia. Nilimnunulia mwanangu Idi moja, alipotimiza miaka kumi na minane.

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akainama. Akasema, kwa Kiswahili kilichotafutwa neno kwa neno, "Pole sana, Baba. Alinipenda. Nilimpenda."

Mwanangu hakuwa na Kiswahili kwangu tena, lakini alikuwa amekaa chini, sijui jioni ngapi, akamfundisha mtu mwingine aniletee.

Nikamjibu kwa Kiingereza. Nilimshukuru kwa kuja, kama nilivyowashukuru wageni wa hoteli.

Alipopita, mzee mmoja wa msikitini aliyekuwa kushoto kwangu akaniuliza kwa kunong'ona huyu ni nani. Swali la kawaida. Kila mtu aliyepita alikuwa anaulizwa ni nani.

"Mwenzake wa kazini," nikasema. "Wako naye hospitali moja."

Sikugeuka kulia, lakini kuna namna mtu aliyesimama kando yako anavyovuta pumzi ukaijua bila kumtazama. Alimaliza mstari wote. Alishika mikono yote. Kisha akaenda kuliangalia kaburi mara nyingine, akarudi kwenye gari ambalo yule mwanamume alikuwa ameliwasha tayari, wakaondoka. Hakuniaga hata kwa Kiingereza.

Nilimpigia simu, nikaacha ujumbe wa aina yangu: hajambo, mimi sijambo, hali ya hewa. Baada ya miezi kadhaa namba ikawa haipo. Nikamaliza miaka miwili hivyo. Mtu atauliza miaka miwili ilikuwa ya nini. Nilikuwa nikijiambia nangoja hasira zake zipoe, na ukweli ni kwamba niliogopa kwamba hana hasira.

Ndipo nikapanda basi kwenda Houston na anwani niliyoikuta kwenye daftari la mke wangu. Kiti cha pembeni yangu hakikuwa na mtu. Nilifika, nikapanda ngazi, nikagonga. Alifungua mama mmoja wa Kivietinamu na mtoto kiunoni. Akasema wao wamehamia mwaka jana. Waliokuwamo kabla yao hakuwajua. Alinipa maji ya kunywa, nikanywa nikiwa nimesimama, nikarudi kituoni.

Nyumbani nikaandika barua kwa anwani hiyohiyo, kwa kuwa sikuwa na nyingine, na kwa kuwa nilisikia kwamba posta huwa inajua watu walikohamia. Barua ilirudi baada ya wiki mbili na kibandiko cha njano.

Wakati huohuo muda wa yule mleta barua kwenye udiwani ulikwisha. Alifanya kikao cha kuagana katika maktaba ya mtaa, asubuhi, chai na keki, watu wakipanga foleni kumpa mkono. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe na fimbo ilikuwa mkononi. Mwenzake alikuwa amekaa nyuma yake kwenye kiti, akimshikia kikombe. Nilipanga foleni. Zamu yangu ilipofika nilimwambia mimi ndiye niliyemtafsiria katika chumba cha kufulia, na kwamba sikutafsiri.

"Najua," akasema. "Nilikuwa natazama nyuso zao. Hakuna uso uliobadilika." Akanieleza kwamba alirudi baadaye, siku nyingine nikiwa kazini, akaomba binti wa miaka kumi na tatu amtafsirie upya. Papa wa Uvira alibishana naye saa nzima, wakaagana kwa kupeana mikono. Tangu hapo, kila alipopita, walibishana.

Nikamwomba radhi. Akaipokea, bila kunipapasa mgongo. Kisha akaniuliza habari za yule kijana wangu aliyekuwa akibeba karatasi, kwamba alikuwa mtu wake mzuri kuliko wote, yuko wapi siku hizi.

Ulimi wangu ulikuwa umeshajipanga kusema hajambo. Nikasema, "Sijui aliko. Nilimpoteza. Ni kosa langu." Nilikuwa na miaka sitini na minane, na nadhani ndiyo mara ya kwanza kusema jambo kama lilivyo bila kulivika nguo. Nilikuwa nalisema kwa mtu asiyekuwa na haja nalo.

Nikamwonyesha ile bahasha, ilikuwa ndani ya koti. Aliipokea kama fundi anavyopokea chombo anachokijua. Akasoma kibandiko, akaniuliza kijana alihama lini. Nikamwambia, yapata mwaka mmoja na nusu, zaidi. Akaigeuza bahasha. Akanieleza kwamba mtu akihama huacha anwani mpya posta, na posta hupeleka barua zake huko kwa mwaka mmoja. Baada ya hapo, kwa miezi michache, huirudisha barua kwa aliyeandika pamoja na anwani mpya. Baada ya hapo hakuna tena.

"Ungeandika mapema," akasema, "ingefika." Hakulisema kwa ukali. Ilikuwa kazi yake ya zamani na nilikuwa nimeuliza. Nyuma yangu foleni ilikuwa ndefu.

Nilirudi kwa basi. Kwenye ile barabara nikabonyeza kitufe, magari yote yakasimama, nikavuka polepole, mzee mmoja na bahasha.

Bado ninayo, haijafunguliwa. Yaliyomo nayajua. Nilimwandikia kwamba kuna jambo nataka alisikie kutoka kwangu. Kwamba anaishi na mwanamume anayempenda, na mama yake alimpenda pia. Kwamba huyo ni mkwe wangu, na pale makaburini nilipoulizwa ni nani, hilo ndilo lilikuwa jibu. Kwamba simwonei haya yeye wala mwenzake, najionea haya mimi.

Ni sentensi nne. Niliziandika bila kutafuta neno hata moja, na hakuna neno ndani yake ambalo sikulijua tangu nikiwa mtoto Tanga.